Moton Field, Tuskegee: kwa anayetaka kumjua Chappie James kabla ya nyota nne

Barabara inayokufikisha mlangoni inaitwa Chappie James Avenue, ndiyo maana wageni wengi huingia wakidhani wamefika kwenye makumbusho ya Jenerali Daniel "Chappie" James. Sivyo. Moton Field ni Eneo la Kihistoria la Taifa la Tuskegee Airmen, katika mji wa Tuskegee, Alabama, chini ya idara ya hifadhi za taifa ya Marekani. Lilitambuliwa kisheria mwaka 1998. Habari zinazosimuliwa hapa ni za shule nzima: marubani weusi wa kwanza wa jeshi la Marekani, pamoja na mafundi, makarani na waliokuwa wakikunja parashuti. James ni mmoja tu katika msafara huo.

Hata hivyo, anayetaka kumkumbuka James ipasavyo aanzie hapa. Ya baadaye yanajulikana: misheni 101 za mapigano huko Korea, 78 juu ya Vietnam Kaskazini, na mwaka 1975 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kufikia cheo cha jenerali wa nyota nne. Kisichotajwa sana ni kwamba alianza akiwa mwalimu wa urubani, raia asiye na cheo, akiwafundisha kuruka vijana waliotangulia kuvaa mabawa ya jeshi kabla yeye hajayavaa. Kazi hiyo ya ualimu ndiyo Moton Field inayoionyesha vizuri zaidi, na ndiyo sababu ya kupendekeza mahali hapa kwa mtu anayejali urubani wenyewe, si picha za vita peke yake.

Tuanze na safari. Ukiwa kwenye barabara kuu ya I-85, toka kwenye namba 38 na ufuate vibao vya kahawia. Kutoka Atlanta ni takribani kilomita 200, kutoka Montgomery kama 60. Wanaotoka Atlanta wakumbuke kwamba Alabama iko nyuma kwa saa moja. Ukiondoka saa mbili asubuhi, mwendo wa saa mbili hivi, utafika Tuskegee ikiwa saa tatu kwa saa za pale, hivyo huna haja ya kuamka alfajiri. Saa hiyo utailipa wakati wa kurudi, na ukiwa na miadi ya jioni Atlanta itakubana. Siku za kufungua hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo tazama tovuti ya idara ya hifadhi siku mbili tatu kabla ya kutoka. Sikukuu za Thanksgiving, Krismasi na Mwaka Mpya pamefungwa. Kiingilio ni bure, maegesho ni bure, na hakuna tiketi ya kuweka oda kwa familia au kikundi kidogo. Basi kubwa la shule au kanisa afadhali litoe taarifa mapema, maana majengo si makubwa, na watu hamsini wakiingia pamoja hakuna atakayesoma maelezo ya ukutani.

Gari linaachwa juu mlimani. Usikimbilie kuteremka. Kwenye ukingo wa maegesho kuna mahali pa kusimama panapotazama uwanja wote chini, na hapo ndipo ramani ya kichwani hujengeka: hangari mbili zilizokaa karibu karibu, mnara mdogo wa kuongozea ndege, na nyuma yake njia ya kurukia ambayo hadi leo inatumiwa na ndege ndogo za kiraia. Wakati wa mafunzo hapakuwa na lami ya kurukia. Lilikuwa eneo la nyasi, na mwanafunzi aliruka kuelekea popote upepo ulikotoka. Kwa anayejifunza kutua hiyo ilikuwa neema, kwa sababu upepo wa ubavuni ndio adui namba moja wa ndege za aina ile.

Njia ya kushuka ni ya kutembea kwa miguu. Mwezi wa Julai na Agosti joto hupita nyuzi 32, na kupanda tena kurudi garini adhuhuri kunachosha wazee. Nenda asubuhi, na beba maji.

Sasa Hangari Namba 1, ambapo inafaa utumie theluthi mbili za muda wako. Ndani yake kumerudishwa mazingira ya miaka ya 1940: darasa la kadeti, chumba cha parashuti, meza za ofisi, vifaa vya mafundi, na sauti za injini na mazungumzo zinazotoka kwenye vipaza sauti. Kwa kawaida sauti za namna hii kwenye makumbusho huudhi. Hapa zinasaidia, kwa sababu kelele ilikuwa sehemu ya somo lenyewe, kama tutakavyoona.

Kabla ya kuzikaribia ndege, elewa mpangilio wa shule, la sivyo utachanganya majengo na majina. Mafunzo yalikuwa na ngazi tatu. Ngazi ya kwanza, ya awali, ilifanyika hapa Moton Field kwa kiasi cha saa 60 za kuruka ndani ya wiki tisa au kumi. Waliofaulu walihamia Tuskegee Army Air Field, uwanja mwingine mkubwa wa jeshi kilomita kadhaa kaskazini magharibi, kwa ngazi ya pili na ya tatu, wakitumia ndege za mafunzo za BT-13, kisha AT-6, na baadaye ndege ya kivita ya P-40. Uwanja huo mkubwa leo ni ardhi ya watu binafsi, usipoteze petroli kuutafuta.

Tofauti muhimu zaidi ilikuwa kwa walimu. Kule kwenye uwanja wa jeshi walimu wa kuruka kwa sehemu kubwa walikuwa maofisa weupe. Hapa Moton Field walikuwa raia weusi, walioajiriwa na Taasisi ya Tuskegee, chuo cha mji huu, kwa mkataba na jeshi, huku maofisa wa jeshi wakisimamia na kufanya mitihani ya angani. Mkuu wao alikuwa Charles Alfred Anderson, aliyeitwa na wote "Chief". Huyu alipata leseni ya urubani mwaka 1929 baada ya kununua ndege yake mwenyewe kwa fedha za kukopa, maana hakuna shule iliyokubali kumfundisha, na mwaka 1932 akapata leseni ya daraja la juu, ya kwanza kwa Mmarekani mweusi. Chini yake walikuwepo watu kama Lewis Jackson, Milton Crenchaw, Charles Foxx na Roscoe Draper. Daniel James naye aliingia kwa mlango huo huo. Alizaliwa Pensacola, Florida, Februari 11, 1920, akaja kusoma Tuskegee mwaka 1937, akajifunza kuruka kupitia mpango wa serikali wa mafunzo ya urubani kwa raia, kisha akabaki kufundisha. Alifundisha hadi Januari 1943 alipopokewa yeye mwenyewe kuwa kadeti. Julai mwaka huo huo akatunukiwa cheo cha ofisa.

Ndani ya hangari kuna ndege mbili za kutazama. Ile ndogo ni Piper J-3 Cub, aina iliyotumika sana kwenye mpango wa raia. Itazame, kisha uipite. Ya kukaa nayo ni Stearman PT-17, yenye mabawa mawili, moja juu na jingine chini, na viti viwili vya wazi. Ndege hizi hazipandwi wala haziguswi, na ndege iliyozimwa haikuambii yote. Haya ndiyo ya kuangalia.

Anzia puani. Injini ni Continental R-670, silinda 7 zilizopangwa kwa duara, nguvu farasi 220. Angalia silinda za chini. Injini ya duara ikikaa imezimwa, oili hupenya taratibu kupita ringi za pistoni na kujikusanya kwenye silinda hizo. Oili haishindiliki kama hewa. Ukiwasha injini ikiwa hivyo, pistoni inagonga ukuta wa oili na mkono wake unapinda. Mkono huo unaweza usivunjike siku hiyo, ukavunjikia angani wiki ijayo. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kuwasha, swichi zikiwa zimezimwa, pangaboi huzungushwa kwa mkono. Mizunguko miwili kamili ndiyo inayopitisha silinda zote saba kwenye mgandamizo, na kwa kuwa pangaboi lina mapanga mawili, unahesabu mapanga manne yakipita, afadhali zaidi. Likigoma, hulazimishi, wala hurudishi nyuma, kwa sababu kurudisha nyuma kunaisukuma oili kwenye bomba la kuingizia hewa, nayo itarudi silindani injini itakapowaka. Dawa ni kufungua plagi ya silinda ya chini na kuacha oili imwagike. Kazi chafu, lakini kadeti alifundishwa hilo kabla ya kufundishwa kugeuza ndege.

Stata haikuwa ya umeme. Ubavuni, nyuma kidogo ya injini, kuna tundu la mpini. Mtu mmoja huchomeka mpini na kuzungusha gurudumu zito la ndani, mwanzo kwa shida, kisha kwa kasi, mpaka livume. Ndipo huvutwa kishikio kinacholiunganisha gurudumu na injini. Anayezungusha amesimama hatua chache tu nyuma ya pangaboi. Kanuni ni kuchomoa mpini na kuondoka kuelekea kwenye ncha ya bawa, kamwe si mbele. Wengi waliochoka walisahau upande gani ni upi, ndiyo maana walimu walirudia agizo hilo kila asubuhi bila haya.

Inua macho kwenye bawa la juu, katikati. Tangi la mafuta liko humo, kiasi cha lita 174, na mafuta hushuka kwenye injini kwa uzito wake bila pampu. Kipimo kinaning'inia chini ya tangi, mbele ya uso wa aliyeketi: kijiti ndani ya kioo. Ni rahisi na hakiharibiki ovyo, ila ndege ikiwa imeinama au inatikiswa, kijiti kinarukaruka na usomaji wake haufai. Mwalimu mzuri alimfundisha kadeti kuhesabu dakika, si kukodolea kijiti. Injini inakunywa lita 45 hadi 50 kwa saa, hesabu yenyewe ni rahisi.

Kiunzi cha mwili ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa. Mihimili ya mabawa ni mbao. Vyote vimevikwa kitambaa kilichokazwa kwa dawa ya kupaka. Tupu, ndege ina uzito wa kilo 880 hivi, na ikijaa watu na mafuta kilo 1,230. Hiyo ni ndege nzito kwa farasi 220, na ilijengwa hivyo makusudi ili ivumilie kubamizwa na wanafunzi.

Viti: mwanafunzi hukaa nyuma, mwalimu mbele. Wageni wengi hubishania hili, wakidhani mwalimu ndiye wa nyuma. Stearman ikirushwa na mtu mmoja, anakaa kiti cha nyuma ili uzito ukae sawa, kwa hiyo mwanafunzi huzoezwa kiti hicho tangu siku ya kwanza. Pua imeelekea juu ndege inapokuwa ardhini, na aliye nyuma haoni kilicho mbele hata kidogo. Kwa hiyo huiendesha kwa kupinda kushoto na kulia mfululizo, akichungulia ubavuni. Sasa mweke mbele yake James, mtu wa futi 6 na inchi 4 mwenye mabega mapana, ndipo utaelewa mwanafunzi wake aliona nini.

Mwalimu alizungumza na mwanafunzi kwa mpira. Ni bomba la mpira lenye mdomo wa kuongelea upande wa mwalimu, na upande wa pili linagawanyika na kuingia kwenye masikio ya kofia ya ngozi ya mwanafunzi. Halina waya wala betri, na sauti inakwenda upande mmoja tu. Mwanafunzi hana pa kujibia. Anaitikia kwa kichwa, na mwalimu anamwona kwenye kioo kidogo kilichofungwa juu. Mwalimu mwenye hasira aliweza kumtukana mtu saa nzima bila kujibiwa, na wapo waliotumia nafasi hiyo. Walimu bora walijua kwamba katika kelele ya upepo na injini maneno matatu ndiyo yanayofika: "mguu wa kulia", "shusha pua", "niachie". Hotuba ndefu zilingoja chini ardhini.

Sasa tazama magurudumu, kwa sababu humo ndimo wengi walipofelia. Magurudumu makubwa mawili yako mbele ya kitovu cha uzito, dogo liko mkiani. Mkia ukianza kupotoka wakati wa kutua, uzito ulio nyuma ya magurudumu unaendelea kusukuma uelekeo ule ule, kupotoka kunazidi, na kufumba na kufumbua ndege imejizungusha yenyewe na kuburuza ncha ya bawa la chini. Watu hawafi sana kwa kosa hili, lakini kitambaa kinachanika, mhimili wa mbao unapasuka, na ndege inakaa karakana siku kadhaa. Chanzo ni kile kile kila mara: mwanafunzi anagusa ardhi vizuri, anashusha pumzi, anadhani kazi imekwisha, na miguu inalegea kwenye pedali za usukani wa mkia. Tiba ni kutua na magurudumu yote matatu kwa pamoja, fimbo ya kuongozea imevutwa hadi mwisho kuelekea tumboni, na miguu ikiendelea kucheza kwa midundo midogo mpaka ndege isimame kabisa. Pedali hukanyagwa kabla mkia haujaondoka. Ukingoja uuone ukiondoka, umechelewa.

Somo la pili lililoogopwa ni kuporomoka kwa kuzunguka. Ndege inainuliwa pua mpaka bawa linakosa hewa ya kulibeba, linaanguka upande mmoja, na dunia inazunguka mbele ya macho. Kutoka humo kuna mpangilio: gesi ipunguzwe hadi mwisho, pedali ya upande wa pili wa mzunguko hadi mwisho, kisha fimbo mbele. Mzunguko ukikoma, pedali inarudishwa katikati, na ndege inainuliwa polepole. Silika ya binadamu inasema kinyume, yaani kuvuta fimbo kwa sababu ardhi inakuja, na kuvuta huko ndiko kunakoliweka bawa katika hali ile ile iliyoliangusha. Hata aliyetoka salama, akiinua kwa pupa, ataangukia mara ya pili. Kazi ya mwalimu hapa ni ngumu kuliko inavyoonekana: inampasa aache mwanafunzi akosee muda wa kutosha ili ajifunze, na aingilie kabla ya kimo kuisha. Rubani mwenye saa nyingi si lazima awe na subira hiyo.

Mitihani ya angani ilikuja karibu kila baada ya saa 20. Aliyeshindwa aliondolewa, na hakukuwa na huruma. Darasa la kwanza, 42-C, lilianza Julai 1941 na watu 13, akiwemo Kapteni Benjamin O. Davis Jr. Waliotunukiwa mabawa Machi 7, 1942 walikuwa watano: Davis, Lemuel Custis, Charles DeBow, George Roberts na Mac Ross. Hadi mpango unafungwa mwaka 1946, waliohitimu urubani Tuskegee walifika 992. Kila mmoja wa waliosomea ngazi ya awali hapa alipitia mikononi mwa raia wale wasio na cheo, na kwangu mimi hilo ndilo jambo la kuondoka nalo kwenye Hangari Namba 1.

Jambo la kurekebisha ukiwa bado humo. Picha ya Eleanor Roosevelt akiwa na Chief Anderson ndani ya ndege, ya Machi 1941, watu huihusisha na uwanja huu. Safari ile ilianzia Kennedy Field, uwanja mdogo uliotumika kabla Moton Field haijakamilika. Wengine husema safari hiyo ndiyo iliyolishawishi jeshi kuanzisha kikosi cha marubani weusi. Jeshi lilikuwa limekwisha kutangaza kikosi hicho Januari 1941. Alichofanya mke wa rais, akiwa mmoja wa wadhamini wa mfuko wa Julius Rosenwald, kilihusu mkopo wa kujengea Moton Field. Si jambo dogo, lakini ni tofauti na lile linalosimuliwa.

Hangari Namba 2 ni jengo jipya lililojengwa kwa sura ya lile la awali lililoteketea kwa moto. Humu ndimo kuna vita. Watoto wataenda moja kwa moja kwenye ndege ya kivita ya Mustang P-51 iliyoning'inizwa juu, yenye mkia mwekundu uliokuwa alama ya marubani wa Tuskegee. Ni mfano wa ukubwa kamili, si ndege iliyowahi kuruka vitani, na mtu anayejua ndege asiende akitarajia kusoma alama za marekebisho kwenye mabati. Kwa mtoto wa miaka kumi haibadilishi kitu. Maonyesho yamepangwa vizuri, maandishi yanasomeka, na kuna mahali pa kuketi, jambo ambalo wazee watalishukuru.

Ila kama umekuja kwa ajili ya James, hapa ndipo pa kuwa makini. Mustang ile si yake katika Vita vya Pili. James hakupelekwa Italia, walikopigana marubani wa mkia mwekundu. Baada ya kuhitimu alifundishwa P-40 huko Selfridge Field, Michigan, kisha akapangiwa kundi la 477 la ndege za mabomu aina ya B-25, kundi ambalo halikuwahi kutumwa vitani. Mustang aliirusha kwenye mapigano baadaye, Korea, pamoja na F-80 ya jeti. Vietnam alikuwa naibu kamanda wa kikosi cha nane huko Ubon, Thailand, chini ya Robin Olds, akirusha F-4. Kikosi hicho ndicho kilichoangusha ndege saba za adui aina ya MiG-21 siku moja, Januari 2, 1967. Mtoto wako akiuliza kama Chappie James aliendesha "ile nyekundu", jibu sahihi ni: aina hiyo, ndiyo, lakini katika vita vingine.

Hadithi nyingine utakayoisikia kutoka kwa mgeni mwenzako ni kwamba marubani wa mkia mwekundu hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu waliyoisindikiza. Mwanahistoria wa jeshi la anga Daniel Haulman alipitia ripoti za vita na kuhesabu angalau 27. Idadi hiyo ni ndogo ukilinganisha na wastani wa vikosi vingine vya kusindikiza kwenye eneo lile, na inawapa heshima wanayostahili bila chumvi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna uzi mmoja wa kuufuata. John Robinson, mhitimu wa Tuskegee wa mwaka 1924, alirudi miaka kumi baadaye kuihimiza taasisi ianzishe shule ya urubani. Mwaka 1935 alikwenda Ethiopia na kuongoza kikosi kidogo cha anga cha Mfalme Haile Selassie dhidi ya Waitaliano. Mwaka 1944 alirejea huko kufundisha marubani, na alifariki Addis Ababa mwaka 1954 kutokana na ajali ya ndege. Rubani wa vita na mwalimu, kama James, ila kaburi lake liko upande wetu wa dunia. Anayesafiri kupitia uwanja wa ndege wa Bole, Addis Ababa, ana sababu ya kulijua jina hilo.

Muda: saa mbili zinatosha kwa mtu mzima anayesoma maelezo, saa moja kwa familia yenye watoto wadogo. Chakula hakuna cha maana ndani ya eneo, na mji wenyewe hauna mikahawa mingi. Walio na haja ya mlo kamili waende Auburn, mwendo wa nusu saa kuelekea Atlanta. Walinzi wa hifadhi wanaopokea wageni wanajua wanachokisema, na ni wepesi kueleza ukionyesha umesoma kidogo. Waulize kuhusu walimu raia, si kuhusu Mustang, utaona nyuso zinachangamka.

Usiondoke Tuskegee bila kupita chuoni, dakika chache kwa gari. Nyumba ya Booker T. Washington, mwanzilishi wa chuo, na makumbusho ya mwanasayansi George Washington Carver viko chini ya idara hiyo hiyo ya hifadhi. Humo chuoni pia kuna kituo cha sayansi ya anga na elimu ya afya chenye jina la Jenerali James. Rais Ronald Reagan alifika kukizindua Mei 1987, miaka tisa baada ya James kufariki kwa shambulio la moyo, Februari 25, 1978, wiki chache tu baada ya kustaafu. Ukumbi mkubwa wa jengo hilo hutumika kwa michezo na mahafali, kwa hiyo siku yenye tukio utapata shida ya kuegesha.

Mwenye siku ya pili ateremke Pensacola, kama kilomita 320 kupitia Montgomery, saa tatu na zaidi kidogo. Alikozaliwa James, kwenye mtaa uliokuwa ukiitwa North Alcaniz, leo Dr. Martin Luther King Jr. Drive, pamefanywa makumbusho madogo yenye programu ya kuwafundisha vijana mambo ya urubani. Hapo ndipo mama yake, Lillie, alipokuwa akiendesha shule nyumbani kwa watoto weusi wa mtaani, wakiwemo wa kwake. Kwa maoni yangu Moton Field bila Pensacola ni nusu ya habari, maana mwalimu wa kwanza katika maisha ya mwalimu huyu alikuwa jikoni kwao. Daraja refu la ghuba linalovuka kwenda Gulf Breeze nalo limepewa jina la jenerali. Kulivuka ni bure. Linalotozwa ni lile la pili, la Bob Sikes, ukiendelea hadi ufukweni.